Baba Yetu Faustino Ojera, Aliyefundisha Bendi Shule ya Mabruda

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile asubuhi ulipotutoka wodini, figo zimekataa kazi na Mama ameushika mkono wako. Tulikuzika kwenu Kitgum siku ya Ijumaa. Leo tunakuandikia kukuambia kwamba hatujambo, na pia wasiokujua wapate kusikia ulikuwa mtu wa namna gani.

Ulikuwa polisi miaka ishirini na minne, na yote uliimaliza katika bendi. Ulipostaafu na cheo cha sajini, Mabruda walikuita ufundishe bendi kwenye shule yao ya wavulana. Ulisema utakaa muhula mmoja. Ulikaa miaka kumi na tisa. Wavulana walikuita Afande, hata wale waliokuja kuwa madaktari na mawakili, nawe uliwaita wote "kijana", kwa sababu majina yalikuwa yanakuponyoka.

Ulipenda chai ya tangawizi isiyo na sukari, muda mrefu kabla daktari hajakukataza sukari. Jumapili jioni ulikuwa unang'arisha viatu vya nyumba nzima, vya Mama vikiwemo. Mwezi wa Ramadhani hukula mchana. Hukuwa Mwislamu, wala hukusema unafunga. Ulisema tu si adabu kutafuna mbele ya mke mwenye njaa. Babu Mubarak, baba yake Mama, mwenye duka la vitambaa Mengo, alikuwa amekataa posa yako mara mbili kabla ya kukubali. Aliposikia kwamba huli mchana, alisema, "Huyu Mwacholi ana haya." Kwa Babu, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tusifiche: hatukuzipenda Jumamosi zako. Zilikuwa za bendi, na sisi tulibaki nyumbani. Siku moja mezani Nasser alikuambia, "Baba, wale ni watoto wa watu. Sisi ndio wako." Ulimaliza chai yako, ukasema, "Njoo uwaone, halafu uniambie." Hakuja. Alikuja kuwaona miaka mingi baadaye, naye ni mtu mzima, siku ya msiba wa Mama Amony, na ndiye aliyetusimulia haya.

Mama Amony alikuwa akifua mashuka ya bweni. Alifariki nyumbani kwake Namuwongo, juma la mitihani ya majaribio. Pale shuleni ilikuwako desturi ya tangu zamani: mtu wa shule akifa, awe mwalimu au mfagiaji, bendi inamsindikiza. Lakini mkuu wa shule, Bruda Arsène, alikuwa mgeni, ametoka Kongo muhula uleule. Alisema shule itapeleka rambirambi, na wavulana watabaki darasani.

"Basi, Bruda, nipe ruhusa yangu mimi," ulimwambia.

"Hiyo unayo, Sajini."

Ukachukua tarumbeta yako. Nasser, ambaye alikuwa amekuletea dawa, akaamua kufuatana nawe. Mkateremka kwa miguu. Mlipofika relini mkasikia vishindo nyuma yenu. Walikuwa wavulana ishirini na wawili wa bendi, na vyombo vyao, wametoroka chumba cha kujisomea.

Nasser alidhani utafurahi. Wewe uliibana tarumbeta kwapani, ukawatazama mmoja mmoja.

"Mmeaga?"

Kiranja wao, Ocaya, akajibu, "Hapana, Afande. Tungekataliwa."

"Mama Amony hakutoroka kazi hata siku moja. Nanyi hamtamsindikiza kwa kutoroka. Rudini mkaombe."

"Na Bruda akikataa?"

"Akikataa, mtakuwa mmeomba."

Wakarudi, wengine machozi ya hasira yanawalengalenga.

Msibani, gari la kupeleka mwili kwao Pader lilikuwa limeshawashwa. Dereva alisema saa sita kamili anaondoka, barabara ni ndefu. Saa sita kasoro robo ukaanza kupiga wimbo wa kumuaga marehemu. Pale hakuna aliyethubutu kugusa jeneza kabla wimbo haujaisha. Ulipiga beti zote. Ulipomaliza, hukushusha chombo. Ukaanza wimbo mwingine, kisha mwingine. Saa sita ikapita. Dereva akamnong'oneza Nasser, "Kaka, huyu mzee wako ataacha lini?" Nasser akasema hajui, na kweli hakujua. Alikuwa anautazama mdomo wako wa chini. Ulikuwa umepasuka, na damu ilikuwa inashukia kola ya shati jeupe. Ulikuwa na miaka sitini na minane.

Saa sita na dakika arobaini walitokea, wakiambaa na reli kwa mistari miwili. Mbele yao alikuwa Bruda Arsène, mkono mmoja ameinua kanzu isiguse tope, mkono wa pili amebeba matoazi, kwa kuwa mpigaji wake alikuwa mgonjwa. Alieleza baadaye kwamba wavulana walisimama nje ya ofisi yake, kimya, mpaka akafungua mlango mwenyewe. Alipowauliza nani kawatuma, Ocaya alisema, "Hatukutumwa, Bruda. Tumerudishwa."

Dereva akazima injini. Mama Amony alisindikizwa kama ilivyompasa, na watoto wake waliona.

Njiani kurudi, Nasser alikuuliza ulijuaje kwamba watakuja.

"Sikujua," ulisema. "Nilijua tu kwamba nikinyamaza, gari litaondoka."

Mdomo ule haukupona sawasawa. Kuanzia hapo ulifundisha kwa kuimba noti, na hatukukusikia ukijuta. Nasser alitusimulia jioni ileile, amesimama mlangoni, viatu vina tope la Namuwongo. Tangu siku hiyo hakuna aliyekulaumu tena kwa ajili ya Jumamosi.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, utasomewa misa katika kanisa la shule. Mama atakaa benchi la nyuma na ushungi wake, kama mwaka jana. Saa tisa tutakula pamoja nyumbani Mengo, na Mjomba Asuman ataomba dua. Anayeweza kufika mahali pamoja tu, na aje hapo nyumbani. Mama amesema watu wale kwanza, hotuba baadaye.

Tunaokukumbuka ni mkeo Zahara, watoto wako Iman, Nasser na Akwero, mkweo Rafiq, dada yako Adoch wa Kitgum, shemeji yako Asuman, na mjukuu wako Sabah, aliyezaliwa Machi, ambaye hakukukuta. Yeye hasa ndiye tuliyemwandikia haya, ili akijua kusoma akufahamu. Sisi wengine hatuhitaji kuandikiwa. Maisha yetu yote, Baba, hatutakusahau.