Mizani Jikoni kwa Mama Mkwe

Alhamisi, Agosti 1999

Na bado siku tano! Mwalimu wangu wa lishe huko ng'ambo anataka nipime chakula cha kila mtu nyumbani kwa wiki nzima, halafu nimtumie majibu kwa ile kompyuta moja ya mjini Busia. Hajui hapa tunakula sahani moja. Ni mzee tu, baba mkwe wangu, anayepakuliwa peke yake.

Kwa hivyo jana niliweka ugali wake kwenye mizani. Mama mkwe akanipata kabla sijasoma namba.

"Mama Brenda, unapima chakula cha mzee? Umeona anakula sana, ama unataka kumroga?"

Nikamweleza ni masomo ya digrii ya pili. Akauliza ni digrii gani hiyo ya kuhesabia watu matonge.

Baba Brenda alijifanya anasikiliza redio. Baadaye akaniambia nivumilie, hapa ni kwa mamake. Mwaka wa pili huu navumilia. Nikiacha kupima, narudia muhula mzima. Nikipima, nitaitwa mchawi mpaka Amagoro. Na kazini, kule kliniki, ni mimi nafundisha kina mama kupima uji wa watoto, halafu hapa...

Leo jioni mama mkwe alinipakulia mwenyewe, kitu hajawahi kufanya tangu niolewe. Kaugali kadogo, mrenda kijiko kimoja. Akaweka mizani mbele yangu.

"Pima hiyo."

Nikapima. Gramu tisini. Ndiyo namba pekee kwenye fomu yangu, na bado nina njaa.