Kompyuta Zisizouliza Njia

Kasiva, Nzisa amempata aliyeharibu barua pepe za chuo kizima, na ni yeye mwenyewe!

Salama, Makueni
2 Desemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Kasiva,

Nisamehe, nimeanza kwa kelele kabla ya salamu. Hujambo huko Garissa? Mume wako mwalimu na watoto wanaendeleaje, na hilo joto je? Sisi ni wazima. Baba Nzisa bado analalamika goti, lakini akisikia chakula kiko tayari hutembea vizuri. Mvua imenyesha, ndengu zimetoa maua, na yule ng'ombe wa kijivu amezaa ndama jike.

Barua hii anakuletea Salat, kijana wa Awo mwenye duka, maana anapeleka mizigo huko kwenu. Kwa simu ningelia tu, nawe ungedhani kuna msiba.

Unajua mtoto wako Nzisa ndiye anashika mitambo yote ya kile chuo kipya karibu na Malili. Sisemi kwa kujisifu, lakini wahadhiri wenye digrii mbili wakikwama wanasema, "Mwite Nzisa." Printa ikikohoa, Nzisa. Ila bado yuko kwa kipindi cha majaribio, na Jumatatu ijayo prinsipali akirudi kutoka safari ndipo ataamua kama atampa kazi ya kudumu.

Basi mwezi uliopita walihamisha seva, yaani ile mashine inayopokea barua pepe za chuo. Ilitoka jengo la zamani linalovuja ikaenda jengo jipya. Tangu siku hiyo ofisi zingine zinapata barua, zingine zinaambiwa seva haipatikani. Wanafunzi wapya wanaomba nafasi na hawajibiwi. Prinsipali alisema mbele ya watu, "Nzisa, hii kitu isipokuwa sawa nikirudi, nitaita kampuni ya Nairobi." Mtoto hajala vizuri tangu hapo. Nikimwekea muthokoi anauzungusha tu na kijiko.

Alinieleza hivi. Kompyuta haijui seva iko wapi, inajua jina lake tu. Inauliza mashine nyingine inayotunza majina, nayo inaipa namba ya mahali. Nzisa aliibadilisha hiyo namba siku ile ile ya kuhama, na kila akiijaribu mashine ya majina inajibu ukweli. Sasa mbona zingine zinapotea? Akahangaika weee, mpaka juzi akaja, akasema, "Mama, ni kama wakwe wa mama mdogo Kasiva na wale mbuzi wa ntheo. Kuna kompyuta haziulizi."

Unakumbuka? Baba yetu alikuwa amehama Ikutha kuja huku, na soko lote lilijua kuwaelekeza wageni. Lakini watu wako hawakuuliza mtu, eti boma la mzee Nzomo wanalijua! Wakaenda kufunga mbuzi wa posa kwa ile nyumba ya zamani isiyo na watu, huku chapati zinapoa na wewe unalia chumbani.

Na ni nani alizifunza kompyuta kutouliza? Mwanzo wa mwaka stima ilisumbua, mashine ya majina ikawa inazimika. Wakubwa walilalamika, na Nzisa kwa huruma akaingia ofisi moja moja akaandika namba ya seva ndani ya kompyuta zao, zisihitaji kuuliza. Walimsifu! Mimi nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Halafu akasahau kuifuta. Seva imehama, na hizo bado zinabisha hodi jengo la zamani.

Amezunguka akafuta zote, barua zinaingia. Imebaki moja, ya prinsipali mwenyewe, na ofisi yake imefungwa. Nilimwambia, "Jumatatu ingia, futa, toka, useme mtambo umepona. Nani atajua?"

Akanitazama mpaka nikashika ufagio nisio na kazi nao. "Mimi nitajua, mama. Na atakayeshika hii kazi baadaye atahangaika kama mimi. Nitamwambia nilichofanya, nifute akiona."

Kasiva, huyu mtoto alitoa wapi kichwa kigumu? Usinijibu.

Silali. Nimeshaalika watu kwa maombi ya shukrani ya hiyo kazi. Pasta Nyamai amekubali, beberu amechaguliwa, na jirani yetu Kanyiva kila asubuhi ananiuliza, "Mama Nzisa, habari ya kazi imefika?" kwa sauti ile ya mtu anayengoja isifike. Nilitaka kuahirisha. Baba Nzisa akakataa. Alisema, "Akipewa kazi, watu watakula wakishukuru. Akifukuzwa, huyo ndiye mtoto wa kuachwa nyumbani peke yake na wewe ukilia?" Kweli, siku ya kuhitaji watu ni hiyo ya pili. Siku haibadiliki.

Mwombee Jumatatu, tafadhali. Mwombee hata ukiwa jikoni.

Nisalimie mwalimu, na Kalekye, na Musyoka mdogo ambaye nasikia sasa anazidi baba yake kwa urefu. Mungu awafunike huko na awalete salama. Na umwambie mume wako mvua imekata njia ya chini, kwa hivyo mkifika hapa aulize kwa duka la Awo. Asijifanye anajua. Mbuzi wa safari hii nataka wafike.

Dada yako anayekupenda na anayekungoja,
Mbinya, Mama Nzisa

Maombi ni Jumamosi, tarehe ishirini Desemba. Mje nyote.