Kola ya Gauni la Usaili

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mdogo wangu, bado anasumbua? Mimi mwili mzima, moyo ndio umechafuka.

Leo mwalimu wa ushonaji ametundika ukutani lile gauni nililoleta siku ya usaili. “Tazameni kola hii,” akawaambia wenzangu, “imekaa kama imezaliwa na gauni.” Kisha akaniita mbele niwaonyeshe inavyopachikwa. Uzi ulinikatikia mara tatu, baba. Nikasingizia kichwa. Anataka nirudie Jumatatu.

Unajua nani aliishona ile kola. Nifanyeje?

Mwanao

6 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Mdogo wako mzima, mdomo haupumziki.

Usipate taabu, baba yako yupo. Dereva wa basi atakayekuletea barua hii anayo na bahasha. Ndani kuna kola nyeupe, nimeimaliza leo. Jumatatu sema uliishonea bwenini, unaona haya kushona mbele za watu. Siwezi kukuacha uaibike wakati mikono ninayo.

Kula ushibe.

Baba yako

27 Februari

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Afya ninayo.

Kola nakurudishia, imo humu. Jumatatu ile niliishika mkononi mpaka ikalowa jasho, kisha nikamfuata mwalimu ofisini nikamwambia gauni si langu. Akauliza, “Sketi yake nani alikata?” Baba. “Na vifungo?” Baba. “Na barua ya maombi?” Hiyo pia baba.

Hawakunifukuza. Wamenirudisha darasa la wanaoanza, na gauni limeshushwa ukutani darasa zima likitazama. Nina miaka kumi na saba, najifunza kutunga uzi.

Unakumbuka nilivyokuomba mkasi, niko darasa la sita? Ulisema, “Toka hapa, utaharibu kitambaa cha watu.” Sikuomba tena.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mara nyingi. Huku hatujambo, ila mimi sijielewi.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Nilianza kumwandikia mwalimu wako, nimweleze kosa ni langu. Nikaichana. Umeshajisemea mwenyewe, mimi naingia kufanya nini tena?

Mkasi naukumbuka. Nilijiambia nakuhurumia. Uongo. Niliogopa kazi mbovu itoke kwenye nyumba ya fundi, wateja wanicheke. Nikailinda sifa yangu, nikaiita mapenzi. Na wewe ulipokuja kuaibika, uliaibika peke yako, mbele ya wageni. Naandika haya uso unawaka, na hakuna anayenitazama.

Jana kifungo cha mkono wa sare ya mdogo wako kiling’oka. Akanitupia kama kawaida yake. Nikamwambia, “Shona.” Akadhani natania. Alijichoma, akalia, akanitazama. Nikajifanya natafuta chaki. Alikipachika mbali kabisa na tundu lake. Leo kaenda nacho shule hivyo hivyo, mkono unapepea.

Mteja mmoja amekutana naye mlangoni, akacheka. “Fundi, huyu naye ni wako?”

Nikamwambia, “Ni wangu. Kifungo kashona mwenyewe.”

Baba yako