Mihogo ya Siku Moja

Elick, nimetoka zahanati sasa hivi.

Frida wangu aliamka Jumatatu miguu imekakamaa kama miti. Nikaingia naye na hasira zangu zote: "Tabibu, usiniambie binti yangu karogwa!"

Akauliza tu, "Mihogo michungu mnailoweka siku ngapi?"

Nikajibu, tatu! Mimi ndiye niliyegombana na mwenyekiti mkutanoni mwaka 2017 nikitaka kila mtu aloweke siku hizo tatu, akaniita mchochezi!

Frida akasema, "Baba, moja. Ulisema tuna njaa."

Moja. Mbele ya foleni nzima.

Tabibu anasema wiki zote hizi tumekula sumu inayobaki mihogo isipolowekwa vya kutosha, tena bila hata maharage ya kuusaidia mwili kuipunguza. Imeharibu mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo, ile inayopeleka amri miguuni. Hali haitazidi tukiacha, ila miguu hairudi kama zamani. HAIRUDI, Elick! Miaka yote nawapigia kelele wengine!

Utanitukana baadaye. Ule unga niliompelekea mama yako huko Runazi Jumapili ni wa mihogo hiyohiyo. Mpigie sasa, aumwage. Akiuliza kwa nini, mwambie ukweli.