Mguu wa Injinia na Nyanya za Ilula

Jumatano, 1 Agosti 1956. Mbeya

Nimefua shuka la sinema tena. Limekauka gumu kama ubao kwa baridi hii. Nimepiga pasi upande mmoja tu. Upande wa pili watazamaji hawauoni, na mimi si mtu wa kujitesa.

Filamu mpya imefika. Bwana Karim, mwenye sinema, alitufungulia ghala nyuma ya duka lake la vitambaa, Mzee Saidi akawasha mashine, tukaitazama watatu tumekaa juu ya majora ya khanga. Saidi ndiye dereva na ndiye fundi wa mashine. Mimi ni mdomo. Picha zinasema Kiingereza, mimi nashika kipaza sauti nawaambia watu wanasema nini. Na pale ambapo sielewi, nawaambia watu walichopaswa kusema.

Hii ni ya ajabu. Injinia mmoja ni kilema. Ujanani aliteleza stesheni ya treni, mguu ukavunjika. Ametengeneza kiti cha shaba kinachomrudisha mtu nyuma, kwenye siku zilizokwisha pita. Anarudi siku ile ile, anajishika mkono mwenyewe asianguke. Kufumba na kufumbua yuko leo tena, mguu mzima, nyumba ya ghorofa, gari. Anakwenda kwa mkewe. Mkewe hamjui! Ni mke wa muuza dawa. Maana mke yule alikuwa nesi, na ndiye aliyeufunga ule mguu. Hakuna mguu, hakuna nesi.

Basi mbio, polisi, moto, mashine inakaribia kulipuka. Mwishoni injinia anarudi tena stesheni, anajiacha aanguke.

Bwana Karim hakupenda mwisho. Mtu aache gari kwa ajili ya kuchechemea? "Mwalimu, utengeneze kidogo."

Nitatengeneza. Ndiyo kazi yangu.

Nyumba kimya. Mke wangu Yustina yuko kwao Ilula tangu Pasaka, anamuuguza mama yake. Nimepika mwenyewe. Sitaandika nilichopika.

Ijumaa, 3 Agosti. Makongolosi

Vumbi la njia ya Chunya limeingia mpaka kwenye meno. Wachimba dhahabu walijaa kabla giza halijashika.

Balaa mapema sana. Kwenye picha mke wa injinia anakaa meza moja na baba mkwe wake, anamtazama usoni, anacheka. Wanyakyusa wenzangu waliokuwepo wakaruka. Mkazamwana na baba mkwe, ambao kwetu hawatazamani! Mmoja alijifunika uso kwa kofia. Ikabidi nitangaze haraka: yule si baba mkwe, ni mpishi. Wakatulia. Baadaye mpishi anamzaba kofi injinia. Sauti ikatoka nyuma: "Mpishi gani huyo, Mwalimu?" Nikasema mpishi wa siku nyingi.

Mwisho nikautengeneza kama nilivyoagizwa. Injinia anachechemea kwa uchovu tu, nikasema, na mle hospitalini anakwenda kuchukua zawadi yake ya dhahabu. Dhahabu! Wachimbaji wakarusha kofia.

Mzee Saidi hajasema kitu tangu tulipokunja shuka. Ametoka pwani, hawezi kunyamaza dakika mbili. Nikajua kuna neno.

Jumapili, 5 Agosti. Mbeya

Nimepata habari mbaya, tena sokoni, mbele za watu.

Dereva wa lori la nyanya litokalo Ilula aliniona akapaza sauti kutoka juu kabisa ya matenga. Kamwene, Mwalimu, akanisalimu kwa Kihehe! Ana salamu za mke wangu. Mama amepona. Yustina harudi. Nisimsubiri. Niende kwetu Tukuyu nikaoe, nipate watoto. Yeye hana neno nami.

Alizisema zote kwa furaha, kama mtu anayeleta bei mpya. Mama muuza ndizi akaninyamazia kwa huruma, jambo ambalo hajawahi kunifanyia.

Sina hasira. Nina woga. Mama angekuwa bado mgonjwa, ningeelewa. Amepona, na mke wangu bado harudi.

Jumanne, 7 Agosti

Shangazi amefika kutoka Tukuyu. Habari hutembea haraka kuliko basi. Ameketi jikoni kwangu, amekagua sufuria moja moja kama bwana afya.

"Mwanangu, tumekuvumilia. Yule wa Kihehe ni mtu mwema, hata mimi nampenda. Lakini nyumba hii hailii mtoto. Na sasa mwenyewe amekufungulia mlango. Binti yupo. Analima. Ana nguo zake."

"Shangazi, mimi nina mvi."

"Mvi hazizai. Zinafunika kichwa tu."

Nikacheka. Kisha nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo kama mtoto aliyechapwa.

Nataka watoto. Nisijidanganye humu ambamo hakuna anayesoma. Nimewataka kila siku, miaka yote, na Yustina anajua, hata siku ambazo sikusema ndizo alizojua zaidi. Lakini nikimweka Yustina upande mmoja na hao watoto wasiokuwepo upande wa pili, namchukua Yustina. Sijawahi kumwambia hivyo. Nilidhani anaona.

Kesho tunaondoka na filamu kwenda Iringa. Nimemwomba Bwana Karim tusogee mpaka Ilula. Akaniuliza Ilula kuna nini. Nikasema kuna watazamaji. Akanitazama sana, akasema hata yeye hulala vibaya mkewe akienda kwao Tanga. Ameniruhusu.

Alhamisi, 9 Agosti. Makambako

Lori limekwama kwa tairi. Upepo unakata masikio. Saidi yuko chini ya lori na mimi nimekaa nikimpa spana isiyo yenyewe.

Niandike hii ya lori jingine, la zamani, maana inanizunguka kichwani.

Nilikuwa kijana, naenda Morogoro kuanza kazi ya ualimu. Nafasi nzuri, na mzungu wa shule alisema asiyefika siku ile asije tena. Lori tulilopanda likaharibika Ilula. Tukalala barabarani. Asubuhi njaa imenikamata, nikamwona msichana ana tenga la nyanya. Alinihurumia, akanipa. Nikala nimesimama, maji ya nyanya yakanichirizika kwenye shati la ualimu. Akanicheka mpaka akakaa chini.

Yeye husema hakunipa. Husema nilichukua. Kwa miaka yote tumegombana juu ya hili, mbele ya kila mgeni, na kila mgeni amelazimishwa kuhukumu.

Basi Morogoro nilichelewa, nafasi ikaenda. Nimebaki Mwalimu wa jina, sina hata ubao. Na nilirudi Ilula kununua nyanya mara nyingi kuliko mtu mwenye akili anavyoweza kuzila.

Leo nimelishika lile ninaloambiwa. Yustina anadhani yeye ndiye lile lori. Bila yeye ningepita, ningekuwa mwalimu mkuu, na mke wa kwetu, na watoto. Anataka kunirudisha nyuma anishike mkono nisiteleze.

Nikamwambia Saidi pale pale chini ya lori. Akatoa kichwa, oili puani. "Ndiyo nakuona siku zote unawadanganya watu ule mwisho. Nikasema huyu bwana ana filamu nzima nyumbani kwake na hajaielewa." Akarudi chini. "Lete spana ya maana sasa."

Jumamosi, 11 Agosti. Iringa

Tumeonyesha karibu na soko. Watu wengi, familia za wenye maduka mbele kwenye viti vyao walivyobeba. Nimeusema mwisho kama ulivyo. Anaacha gari, anaanguka kwa hiari, anampata nesi. Baadhi waliguna. Mzee mmoja alisema injinia ni mjinga. Mkewe, aliyekuwa pembeni yake, akamuuliza amesemaje? Hakurudia.

Sina hamu ya kula. Keshokutwa Ilula.

Jumatatu, 13 Agosti. Ilula

Nimepokelewa vizuri mno. Ndicho kilichonitisha. Mtu anayerudishiwa mke hukaripiwa kwanza.

Shemeji, kaka yake Yustina, ni mtu mpole na mrefu, anaongea akitazama mbali. Niliketi kwenye kigoda cha mgeni. Si kazi ya mume kufungua mdomo hapa. Mzee Saidi ndiye mshenga wangu, alisema kwa niaba yangu, akiwa na maneno mazuri ya pwani yanayopinda kama njia ya mlimani. Shemeji alimjibu Saidi, hakunijibu mimi, nami nimekaa katikati yao.

Alisema: "Dada hajagombana na mtu. Anasema mume wake ni mtu wa utani, hatamfukuza kamwe, atazeeka bila mtoto huku anacheka. Kwa hiyo amejiondoa mwenyewe. Mimi siwezi kumburuza."

Hata sikumwona. Sikuruhusiwa kuingia uani. Ila chakula kilipokuja nilijua mkono. Ugali laini kidogo, kwa sababu ya jino langu. Hakuna mwingine hapa duniani anayejua habari za lile jino.

 Nikaula wote.

Saidi akaomba jambo moja tu: kesho jioni tuonyeshe filamu uwanjani, maana keshokutwa ni sikukuu ya Bikira Maria na watu hawaendi shambani. Shemeji akakubali. Kijiji kizima kitakuja, alisema. Kisha, akitazama mbali: na wa nyumbani kwake pia.

Jumanne, 14 Agosti. Ilula

 Mwandiko huu hata kuku ataukataa.

Tulitundika shuka kati ya nguzo mbili. Watu walikuja na mablanketi. Wanawake upande wa kushoto, giza tupu, siwezi kutambua mtu. Mama mkwe aliletwa kwenye kiti, nami nikageuka upande mwingine kama inavyopasa.

Nilifanya kazi vizuri. Baba mkwe nikamfanya mpishi mapema. Polisi, moto, watu wakapiga kelele. Halafu ikafika ile sehemu ya mwisho, ambayo ndani yake hakuna anayesema. Muziki tu. Injinia amesimama mbele ya nyumba yake kubwa, anaitazama. Hapo mdomo una uhuru.

Nikaanza vizuri. Nikasema huyu bwana ana kila kitu. Kisha sauti ikanigeuka. Nikasema, zamani huyu bwana alipanda lori.

 Nikasema lori likaharibika barabarani, hapa hapa. Alikuwa anakwenda Morogoro kuwa mtu mkubwa. Asubuhi akiwa na njaa, msichana mmoja akamwonea huruma, akampa nyanya.

Kijana mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, lori liko wapi? Sisi tunaona nyumba!"

"Lipo," nikasema. "Wewe tazama tu."

Kwenye shuka injinia alikuwa anapanda kiti cha shaba. Nikasema, wamemwambia bwana huyu, panda, rudi, litengeneze lori lipite Ilula bila kusimama. Utapata kazi. Utapata watoto saba. Naye amepanda. Amefika. Lori ni zima, mlango uko wazi, dereva anapiga honi. Na bwana huyu anataka watoto, msidhani hataki. Lakini ameitazama barabara yote akaona kule mbele hakuna anayemcheka. Amesema hapana. Acheni liharibike. Kila mara mtakaponirudisha, mimi nitashuka hapa hapa, mwenye nyanya akitaka asitake.

Injinia akaanguka.  Nilisikia jenereta tu, na mimi nikivuta kamasi kwenye kipaza sauti, jambo la aibu sana.

Ndipo kutoka gizani, kushoto:

"Muongo! Hakupewa! Alichukua mwenyewe, akala mpaka kikonyo, ndipo akauliza bei!"

Sauti hiyo naijua hata usingizini.

Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wengine wakipiga makofi mapajani. Kijana yule akasema, "Kumbe lori ni lake!" Saidi alisahau mashine kabisa, mkanda ukaisha ukawa unapigapiga, taa nyeupe tupu kwenye shuka, na watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Nikasema kwenye kipaza sauti: nilipewa.

"Ulichukua!"

Jumatano, 15 Agosti. Ilula

Shemeji ameniita asubuhi, baada ya misa. Safari hii alinitazama usoni. "Nilisema siwezi kumburuza, shemeji. Sikusema hawezi kutembea."

Mama mkwe, kutoka nyuma ya mlango, ametaka kujua kama mguu wa yule mzungu ulipona vizuri. Nimemjibu kupitia mlango kwamba anachechemea kidogo lakini anakula. Akasema ndaga, yaani asante, kwa Kinyakyusa, kwa ajili yangu.

Tunaondoka mchana.

Alhamisi, 16 Agosti. Njiani

Yustina amekaa katikati, kati yangu na Saidi, tenga la nyanya magotini. Tangu Iringa wananisema mimi tu. Saidi amehukumu: nilichukua. Mshenga msaliti.

Karibu na Chimala alilala begani kwangu. Kabla ya kulala alisema, akitazama mbele: "Na wakija tena na maneno ya watoto?" Nikasema watakuja. Shangazi bado yuko jikoni. Akasema basi tutampikia. Mkono wake ulikuwa baridi. Niliuweka mfukoni mwa koti langu.

Jumapili, 19 Agosti. Mbeya

Shangazi amerudi Tukuyu na nyanya kwenye kikapu. Amezionja, amesema si mbaya kwa nyanya za Kihehe.

Shuka limefuliwa. Yustina amelipiga pasi pande zote mbili.

Jioni hii nimemsimulia injinia mwanzo mpaka mwisho, bila kutengeneza. Alisikiliza huku anachochea kuni. Kisha akauliza, na yule nesi je? Kuna aliyemuuliza yeye anataka nini?

Nikafikiri. Filamu nzima, hakuna.

Basi nikamuuliza Yustina, yeye anataka nini.

Akaniambia nisogee, namzibia moto.

Nikasogea. Kidogo tu.