Seli za Mwenye Afya

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejiona kwa hadubini. Mwezi uliopita mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni ya maabara, aliomba nitolewe kipande cha ngozi mkononi, kidogo kama punje ya mtama, auchunguze ugonjwa wangu wa miguu. Seli za ngozi hiyo zimeota kwenye kisahani. Ziko hai. Amezitia rangi inayong'aa.

Ndani ya kila seli kuna utando. Protini ndizo zinazoukunja na kuuvuta uwe wavu wa mirija hadi pembezoni, na vijiwanda vya nguvu husafiri sambamba nao. Protini yangu moja ina kasoro, haikunji sawasawa. Wavu wangu umerundikana katikati. Vijiwanda vimekwama.

"Neva ya mguu ndiyo ndefu kuliko zote, Bibi. Safari ni ndefu, ndiyo maana inakufa kwanza."

Nikamwambia safari ndefu naijua. Miaka hamsini na miwili iliyopita mama yangu alivuka mpaka akiburuta mguu. Tulidhani ni uchovu.

Alhamisi, 13 Machi

Kaja na mkate, kanuna. Kazi imeharibika. Huhesabu seli zilizorundikana bila kujua sahani ni ya nani — zina namba tu, mwenyewe hufunuliwa mwisho, ili macho yasipendelee. Kafunua: zangu na za mwenye afya anazozilinganisha nazo hazina tofauti.

"Rangi mbovu. Au nimezichanganya mimi."

"Mke mwenzangu, uzee umekuwahi."

"Nimeurithi kwako, Bibi."

Tukacheka.

Jumanne, 25 Machi

Karudia mara mbili. Vilevile. Mkuu wake anataka seli nyingine za kulinganishia.

Nikauliza, huyo mwenye afya ni nani?

"Mimi," akasema, huku akitafuta sukari. "Pale kila mtu hutumia zake. Ngozi yako mwenyewe haina foleni."

Sukari ilikuwa mbele yake. Nikamsogezea.

Mama yake, binti yangu, alitutoka angali kijana. Miguu yake haikupata muda wa kusema lolote.

Ijumaa, 28 Machi

Nimesoma tena karatasi alizoniachia. Hurithiwa, dalili huweza kuchelewa hadi miaka arobaini. Yeye ana thelathini na mmoja. Kashuku rangi, kashuku taa, kashuku mikono yake. Seli zake hakuzishuku. Mganga hajigangi.

Amepiga simu. Safari hii kaweka sahani tatu: yangu, yake, na ya mwenzake wa meza ya jirani. Kahesabu zote. Mbili zinafanana. Namba hajazifunua, yuko njiani, anataka tufunue pamoja. Sauti yake ilikuwa ya taratibu mno.

Viatu alivyoviacha hapa siku ile ya mvua viko mlangoni. Nimevigeuza. Cha kulia kimelika ncha ya mbele. Kisigino bado kipya. Ndivyo vyangu vilivyolika, nilipokuwa na umri wake.

Namsikia ngazini. Hatua — kisha mchakacho mdogo wa soli. Hatua — mchakacho.

Anabisha hodi. Kiatu bado kiko mkononi mwangu.