Mkono wa Kushoto

3 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini nanyi nyumbani hamjambo. Mgongo unaendeleaje? Mama ananiambia bado unainua maspika mwenyewe, na bendi yako imejaa vijana.

Bendi nimeiacha, muziki sijauacha. Nimepata kupiga kinanda peke yangu kila Ijumaa, kwenye mgahawa mdogo ghorofani. Sasa natafuta amplifaya ndogo ya stirio, niibebe kwa mkono mmoja, kinanda begani, nipande ngazi bila kumwomba mtu. Sikio lako naliamini. Nichukue ipi?

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo mzima, mama yako anakuza mambo.

Umeniuliza, nakujibu. Hicho kiboksi ni cha kuchezea watoto. Stirio ya nini kwenye chumba kidogo? Chukua spika moja kubwa, yenye besi ya kutikisa glasi. Nani atakubebea? Hapo ndipo utajua kwa nini watu wana bendi. Mpiga kinanda asiye na gitaa la besi nyuma yake ni nusu mtu. Nafasi yako ipo, ila sitaishikilia milele.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikakasirika, nikanawa uso, nikaisoma tena nikakasirika zaidi.

Miaka yote jukwaani ulinifokea nisiguse noti za chini, eti ni kazi ya mpiga besi: "Mkono wa kushoto mfukoni! Besi yupo!" Nikawa napiga kwa mkono mmoja kama mtu anayeaga. Leo dukani muuzaji naye kanisukumia dubwana la spika la kufika kiunoni. Nikagusa noti za chini, likanguruma tu, hujui ipi ni ipi. Nikahamia kwenye kiboksi, nikapiga kwa mikono yote miwili. Za chini zikatoka safi, moja moja, na sauti ya kinanda ikatandaa kushoto na kulia mpaka duka likajaa bila kelele. Nililia palepale. Muuzaji akadhani ni bei.

Nimekinunua. Ijumaa hii naanza. Sikuombi ruhusa, nakualika.

Binti yako

6 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nimechelewa kujibu kwa kuwa barua tatu nimeziandika nikazichana.

Ijumaa ile nilikuja. Nilisimama kwenye ngazi, nje ya dirisha, nikisubiri kiboksi kikohoe. Hakikukohoa. Nikamtafuta mpiga besi kwa macho, nikajiuliza umemwajiri nani, mpaka nikauona mkono wako wa kushoto. Uliuficha wapi mkono huo?

Rudi kwenye bendi. Nitakuruhusu kupiga kwa yote miwili.

Baba yako

9 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Uliuficha wewe, Baba. Na eti utaniruhusu!

Sirudi. Nakupenda, na sirudi.

Ila Ijumaa ingia ndani. Pale dirishani ulisikia upande mmoja tu. Nimekuwekea kiti katikati, mbele ya kiboksi. Na tafadhali, usije ukabeba kitu chochote.

Binti yako